UZI: Tom Finney, fundi bomba wa Preston. Hakuikataa Palermo, alikatazwa

#1 (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila ikija mada ya wachezaji waliodumu na klabu moja, jina la Tom Finney halikosi, na siku zote linaletwa kwa mtindo uleule: mzee wa watu aliyeipenda Preston mpaka akazitupa hela za Waitaliano wa klabu ya Palermo. Hadithi hiyo nimeisoma mara nyingi, na kila nikiisoma naona nusu yake haipo. Finney hakuzikataa hela. Alikwenda kwa mwenyekiti kuomba ruhusa ya kuondoka, akanyimwa. Aliyekataa na aliyekatazwa si mtu mmoja, na hilo ndilo lililonifanya nifungue uzi. Ni mrefu, kwa hiyo mwenye chai aiweke karibu.

Alizaliwa tarehe 5 Aprili 1922 mjini Preston, Lancashire, hatua chache tu kutoka uwanja wa Deepdale. Mama yake alifariki Tom akiwa bado mdogo, akalelewa na baba yake, Alf. Preston ulikuwa mji wa viwanda vya pamba, na klabu yao, North End, ni miongoni mwa zile 12 zilizoanzisha ligi mwaka 1888. Msimu huo wa kwanza waliumaliza bila kufungwa hata mechi moja, wakabeba ligi na Kombe la FA kwa pamoja. Mtoto wa Preston alizisikia habari hizo nyumbani kabla hajajua kusoma.

Shujaa wake alikuwa Alex James, Mskochi aliyepita Preston kabla ya kwenda Arsenal. Tom alikuwa akishinda mitaani anamwigiza: anavyougusa mpira, anavyomlaghai beki. Ila mwili ulimwangusha. Alikuwa mdogo, mwembamba, mgonjwa mgonjwa. Akiwa na miaka 14 hajafika hata futi tano.

Hata hivyo Preston walimwona, wakataka kumchukua kama kijana wa kazi za uwanjani kwa pauni 2 na nusu kwa wiki. Kwa familia ile hiyo ilikuwa hela ya maana. Baba akakataa. Akasema kwanza amalize kujifunza ufundi bomba, mpira utamkuta palepale. Naomba mlishike hili, maana litarudi.

Akaingia uanagenzi wa ufundi bomba, jioni mazoezi, Jumamosi mechi za vijana. Januari 1940 akasaini kama mchezaji wa kulipwa, na vita vilikuwa vimeshaanza. Ligi rasmi ilikuwa imesimamishwa, zinachezwa za kikanda. Mwaka 1941, kijana wa miaka 19, alicheza fainali ya Kombe la Vita pale Wembley dhidi ya Arsenal, 1-1, kisha marudio Blackburn, Preston wakashinda 2-1.

Aprili 1942 akaitwa jeshini. Alipelekwa Misri na Jeshi la Nane la Montgomery, halafu Italia, na mwaka 1945 alikuwa dereva wa kifaru kwenye mapigano ya Argenta. Huko Misri alipata kucheza mpira mwingi wa timu za jeshi, na wengi waliomwona wakati ule walisema alirudi amekuwa mwanaume kamili, kifua kimepanuka na miguu imejaa.

Sasa tazameni tarehe. Mechi yake ya kwanza ya ligi ni 31 Agosti 1946 dhidi ya Leeds, ana miaka 24. Siku 28 baadaye, 28 Septemba, yuko Belfast na jezi ya England dhidi ya Ireland ya Kaskazini. Wanashinda 7-2, na yeye anafunga. Vita vilikuwa vimemla miaka sita. Mechi 433 za ligi na magoli 187, mechi 76 za England na magoli 30, vyote hivyo ni hesabu ya mtu aliyeanza akiwa na miaka 24. Magoli hayo 30 yalimfikisha juu kabisa ya orodha ya wafungaji wa England kwa wakati wake, na alikuwa winga!

Naendelea. Wenye maswali wekeni hapa.

#2

Mkuu asante kwa uzi. Swali langu ni la siku zote: yeye na Stanley Matthews nani zaidi? Babu yetu mmoja alikuwa haachi kumtaja Matthews.

#3 (mleta uzi)

Mkuu, Waingereza wenyewe walibishana miaka kumi na tano na hawakumaliza. Nitakuambia ninavyoona mimi.

Matthews alikuwa winga wa kulia tu, na chenga yake kila beki aliijua na bado akapitwa. Finney alikuwa mtu wa mguu wa kushoto aliyejifundisha kulia mpaka ikawa huwezi kujua upi ni upi. Kwa England alicheza mechi 40 winga ya kulia, 33 winga ya kushoto na 3 katikati. Alifunga, alipiga krosi, alipiga penalti, alirudi kukaba. Bill Shankly, ambaye walicheza naye Preston na akaja kuijenga Liverpool, mpaka anaingia kaburini alimtaja Finney kuwa bora kuliko wote aliowahi kuwaona, na alisema angetisha katika timu yoyote na zama zozote hata kama angecheza amevaa koti la baridi. Shankly hakuwa mtu wa kumsifu mtu bure.

Tatizo ni kwamba kikosi cha England wakati ule kilipangwa na kamati. Kocha Walter Winterbottom alikuwepo, lakini wenye kupiga kura walikuwa mabwana wa kamati, na wao walilifanya suala kuwa ama huyu ama yule. Mei 1947 mjini Lisbon wakawapanga wote wawili, Matthews kulia, Finney kushoto. Ureno walikula 10. Mortensen manne, Lawton manne, Finney moja, Matthews moja. Mwaka mmoja baadaye, Mei 1948, Turin, wakawafunga Italia 4-0 nyumbani kwao na Finney akatia mawili. Mtu angedhani mjadala umeisha. Wapi!

Kwa haki niseme na machungu. Finney alikuwa uwanjani Belo Horizonte, Kombe la Dunia la Brazil, tarehe 29 Juni 1950 Marekani walipoifunga England 1-0. Alikuwemo Budapest Mei 1954 walipopigwa 7-1 na Hungaria. Ile ya 6-3 waliyofungwa na haohao Hungaria pale Wembley hakucheza, alikuwa majeruhi.

#4

Mimi ni fundi bomba kwa miaka 19 sasa. Nimefurahi kuona heshima ya kazi. Lakini mkuu, ni kweli alifanya kazi au ni jina la utani tu la magazeti? Maana mtu wa timu ya taifa kushika spana ni vigumu kuamini.

#5 (mleta uzi)

Fundi, ni kweli tupu. Alikuwa na kampuni ya mabomba na kaka yake Joe hapohapo Preston, na alishika kazi kwa mikono yake kipindi chote alichocheza. Wenye nyumba walifungua mlango wakamkuta winga wa England amebeba mkoba wa vifaa. Ndipo likaja jina "Fundi Bomba wa Preston".

Na hakufanya kwa kupenda sifa. Alikuwa anaihitaji ile hela. Hapa sasa ndipo penye moyo wa uzi wangu.

Uingereza ya wakati ule mchezaji wa mpira alikuwa na kikomo cha mshahara. Hakikuwa cha klabu, kilikuwa cha ligi nzima. Mwaka 1947 ilikuwa pauni 12 kwa wiki wakati wa msimu, 1951 ikawa 14, 1958 ikawa 20, na kiangazi walikatwa. Uwe Finney, uwe beki wa tatu wa akiba, huvuki hapo. Makumi ya maelfu wanaingia Deepdale kwa tiketi kumwona mtu mmoja, na huyo mtu Jumatatu anazibua sinki ili nyumba yake iende.

Mei 1952 England walikuwa Florence kucheza na Italia, 1-1. Huko akafuatwa na kabaila mmoja wa Sisilia mwenye cheo cha mwana wa mfalme, Raimondo Lanza di Trabia, aliyekuwa rais wa klabu ya Palermo. Ofa ilikuwa hivi: pauni 10,000 za kusaini, pauni 130 kwa mwezi, marupurupu ya ushindi juu yake, nyumba ya kifahari kando ya bahari, gari, na nauli za kuileta familia. Preston nao wangepata donge lao la uhamisho.

Fanya hesabu nami. Chukua pauni 14, zidisha kwa wiki 52 kana kwamba hakatwi kitu kiangazi, unapata 728. Zile 10,000 za kusaini peke yake ni mshahara wa zaidi ya miaka 13. Mtu ana miaka 30, ana mke, ana watoto, na miaka sita aliyopaswa kuanza kuvuna ilikwenda jeshini.

Akarudi nyumbani, akamwendea mwenyekiti Nat Buck. Hakutoroka, hakwenda kwenye magazeti, aliomba. Jibu la Buck limebaki kwenye historia ya soka la Kiingereza: kama huchezei Preston, basi hutachezea mtu yeyote.

Mazungumzo yakaishia hapo.

Watu wakiisimulia leo wanacheka kwa sababu Buck alikuwa na lafudhi nzito ya Lancashire. Mimi sioni pa kucheka. Lile halikuwa neno la hasira la mzee mmoja. Alikuwa anaieleza sheria kama ilivyokuwa. Mkataba wa mchezaji ulikuwa wa msimu mmoja mmoja, lakini usajili wake ulibaki mikononi mwa klabu. Msimu ukiisha, klabu inakupa masharti, ukiyakataa huendi popote, na mshahara husikii. Wanakaa na karatasi yako kabatini. Na mpira wa kulipwa hauna miaka ya kusubiri kabati lifunguliwe.

#6

Hapo sasa nakupinga mkuu. Angeamua kuondoka angeondoka. Palermo si klabu ndogo, mwana wa mfalme ana hela, angelipa faini yoyote. Nadhani moyoni hakutaka kuondoka. Mbona alitulia na hakugoma?

#7 (mleta uzi)

Hoja nzuri, na sikatai kwamba aliipenda Preston. Aliipenda kwelikweli. Timu ilishuka daraja 1949 na yeye akashuka nayo, winga wa England anacheza daraja la pili, wakapanda 1951 wakiwa mabingwa, katikati ya safari hiyo wakashinda mechi 14 mfululizo. Mtu asiyeipenda timu hafanyi hivyo.

Ila mkuu, "angeondoka tu" lilikuwa limeshajaribiwa, na Finney aliyashuhudia matokeo kwa macho yake. Wa kwanza Wilf Mannion wa Middlesbrough. Mwaka 1948 aligoma kusaini, akataka aende Oldham. Alikaa miezi bila mpira na bila mshahara, mwisho akarudi Middlesbrough palepale. Huyo ni mtu waliyecheza naye timu ya taifa.

Wa pili Neil Franklin wa Stoke, beki wa kati wa England ambaye nafasi yake haikuwa na mpinzani. Mwaka 1950, badala ya kwenda Kombe la Dunia Brazil, alikwenda Kolombia kuichezea Santa Fe ya Bogotá. Ligi ya Kolombia ilikuwa nje ya FIFA, kwa hiyo hawakuhitaji kibali cha mtu. Mambo hayakuwa kama alivyoahidiwa, akarudi baada ya muda mfupi, akafungiwa, na hakuivaa tena jezi ya England mpaka anastaafu. Haya yametokea miaka miwili tu kabla ya ofa ya Palermo.

Italia ilikuwa ndani ya FIFA. Bila saini ya Preston, Palermo wasingeweza kumsajili hata kama mwana wa mfalme angeuza jumba lake. John Charles, Mwelishi, alikwenda Juventus mwaka 1957 kwa pauni 65,000 na akawa mfalme Turin, lakini Leeds ndio waliokubali kumuuza. Finney hakukosa ujasiri, alikosa saini ya mtu mmoja.

Kuhusu kwa nini hakugoma, rudi kwenye nililosema mlishike. Baba yake alimpa ufundi. Mannion alipogoma alibaki bila mshahara wa klabu. Finney alikuwa na mabomba, kwa hiyo aliweza kumeza lile jibu la Buck, akarudi uwanjani na kazini, na familia ikala. Naamini ule utulivu wote tunaousifu kama tabia njema ulisimama pia juu ya mkoba wa vifaa vyake.

Kikomo cha mshahara kilikuja kufutwa Januari 1961, baada ya chama cha wachezaji chini ya Jimmy Hill kutishia kugoma. Punde Johnny Haynes wa Fulham akawa analipwa pauni 100 kwa wiki. Finney alikuwa amestaafu Aprili 1960. Hata miezi tisa haikutimia! Na ule utaratibu wa kushikilia usajili ulivunjwa nguvu mwaka 1963, George Eastham alipoishtaki Newcastle na jaji Wilberforce akasema ni kizuizi kisicho cha haki kwa mtu anayetafuta riziki yake.

#8

Nimeelewa mkuu, nimekubali hilo la FIFA. Makombe je?

#9 (mleta uzi)

Ukiacha lile la vita na ubingwa wa daraja la pili, hakuna. Na walivyoyakosa inauma.

Msimu wa 1952/53 Preston na Arsenal walimaliza wote na pointi 54. Siku hizo hawakutoa magoli ya kufungwa kwenye ya kufunga, waligawanya. Arsenal 97 kwa 64, Preston 85 kwa 60. Ukigawanya unapata 1.516 na 1.417. Ubingwa ukaondoka kwa tofauti isiyofika sehemu moja ya kumi ya goli, na wiki chache za mwisho Preston walikuwa wamewafunga haohao Arsenal 2-0 Deepdale. Kuna watu husema wangetumia utaratibu wa leo Preston wangebeba. Si kweli, nimepiga hesabu: Arsenal wangekuwa na 33, Preston 25.

Mwaka uliofuata, fainali ya Kombe la FA dhidi ya West Brom, 1 Mei 1954. Mwaka mmoja nyuma Matthews alikuwa amebeba kombe hilo na Blackpool akiwa na miaka 38, na nchi nzima ilitaka iwe zamu ya Finney. Alikuwa nahodha, ndiyo kwanza amechaguliwa mchezaji bora wa mwaka na waandishi. Hakucheza vizuri. Beki Len Millard alimshika siku nzima, na mwenyewe hakuwahi kujitetea. Preston waliongoza 2-1, Tommy Docherty akasababisha penalti, Ronnie Allen akasawazisha, na dakika za mwisho kabisa Frank Griffin akafunga la tatu.

Kilichonifanya nimheshimu zaidi ni baada ya hapo. Akiwa na miaka 34, mawinga wenzake wanatundika viatu, Preston walimsogeza katikati akawa namba tisa. Alifunga 23 kwenye ligi msimu wa 1956/57, na 26 uliofuata, Preston wakawa wa pili nyuma ya Wolves. Mwaka 1957 akachaguliwa tena mchezaji bora, wa kwanza kuipata tuzo hiyo mara mbili. Ilikuwa inasemwa Preston kwamba Finney anastahili kupunguziwa kodi kwa sababu ana watu kumi wanaomtegemea.

Mwaka 1958, Kombe la Dunia Sweden, alifunga penalti ya kusawazisha dhidi ya Muungano wa Kisovieti, 2-2. Miaka 36. Akaumia mechi hiyohiyo na mashindano yakaishia hapo kwake.

#10

Ile picha maarufu ya mchezaji anateleza kwenye dimbwi la maji, maji yameruka kama mbawa, ni yeye? Na nilisikia hajawahi kupata kadi.

#11 (mleta uzi)

Ndiye. Agosti 1956, Stamford Bridge dhidi ya Chelsea, mvua ilikuwa imeufanya uwanja ziwa. Sanamu iliyoko nje ya Deepdale tangu 2004 imechongwa kutoka picha hiyo, na maji yanaruka kwelikweli.

Kadi hazikuwepo, zilianza Kombe la Dunia la 1970. Wakati wake refa aliandika jina lako kitabuni, na lake halikuandikwa, wala hakutolewa nje. Ukikumbuka mabeki wa enzi zile walivyompiga viatu, hilo nalo ni jambo.

Mechi ya mwisho ni 30 Aprili 1960, Deepdale, dhidi ya Luton. Kinena kilikuwa kimemshinda. Msimu uliofuata bila yeye Preston walishuka daraja, na mpaka leo hawajarudi ligi ya juu.

#12

Kwa hiyo hakuvaa jezi ya klabu nyingine maisha yake yote?

#13 (mleta uzi)

Alivaa, mkuu, na wengi hawalijui hili.

Septemba 1963, miezi miwili na kitu baada ya ile hukumu ya Eastham, klabu ya Distillery ya Ireland ya Kaskazini ilipangwa na Benfica kwenye Kombe la Ulaya. Ni Benfica ya Eusébio, kijana wa Lourenço Marques, ambayo sasa tunaiita Maputo. Distillery ilikuwa timu ndogo, wakamfuata Finney. Ana miaka 41, amestaafu miaka mitatu, ana kampuni yake ya mabomba. Safari hii hakukuwa na mwenyekiti wa kumwomba ruhusa. Akakubali.

Mechi ilichezwa Belfast, mji uleule alioanzia na England mwaka 1946. Ikaisha 3-3. Benfica walikuwa wamebeba kombe hilo 1961 na 1962, na walitoka pale na sare.

Marudiano yalikuwa Lisbon, alikowahi kufunga kwenye zile 10-0 akiwa na miaka 25. Finney hakusafiri. Distillery walikwenda bila yeye, wakafungwa 5-0.